Masega ya Gari: Hesabu ya Kufanya Kabla Grainda Haijawashwa

Gari langu, Toyota IST ya mwaka 2006, lilinigomea pale Kitonga. Anayeijua njia ya Iringa anaujua mlima ule: kona juu ya kona, malori yanapanda kwa kujivuta, na mwenye gari dogo anavizia mwanya apite. Mwanya niliupata, nikakanyaga mafuta, gari likakataa. Injini ililia lakini mwendo ukabaki ule ule. Nilimaliza mlima nyuma ya lori la saruji, taa ya cheki injini inawaka kwenye dashibodi, na harufu ya mayai viza inaingia dirishani.

Nilipofika Dar es Salaam, fundi wa kwanza hakumaliza hata dakika tano. "Dada, masega yameziba. Tunayakata, tunaunga bomba, gari linakuwa jepesi. Nipe elfu sabini tu." Nikamuuliza kile kipande kitakachokatwa kinakwenda wapi. Akasema nisijisumbue, chuma chakavu hicho, atakitupa mwenyewe.

Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Gari langu la kabla ya hili lilikatwa masega kwa maelezo yale yale, nikashukuru na kulipa, wala sikurudishiwa kitu. Safari hii nilichukua ufunguo wangu nikaondoka. Nilitumia wiki mbili kuuliza bei Gerezani, Shaurimoyo na Ilala, na kusoma kila nilichoweza kukipata. Haya ndiyo niliyotamani mtu aniambie mapema.

Ndani ya lile kopo la chuma lililoungwa kwenye bomba la moshi kuna tofali la kauri lenye maelfu ya vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini matatu ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu kwa gari zima. Moshi wa injini ukipita humo ukiwa wa moto, kaboni monoksaidi inageuka kaboni dayoksaidi, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa kuunguzwa, na oksidi za naitrojeni zinavunjwa na kubaki naitrojeni ya kawaida, ile iliyojaa hewani. Kazi hiyo haianzi mpaka kopo lifike joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Ndiyo maana gari lolote hutoa moshi mbaya zaidi dakika za mwanzo asubuhi.

Sasa tazama bei ya gramu hizo. Sehemu kubwa ya rodiamu ya dunia, kama asilimia 80, huchimbwa Afrika Kusini. Mwaka 2021 aunsi moja ilivuka dola 20,000 za Marekani. Imeshuka sana tangu hapo, lakini biashara haijafa: wanunuzi wa masega chakavu wamo mijini mwetu, na wanalipa kwa kusoma herufi na namba zilizogongwa kwenye kopo, kwa sababu kila namba inaeleza kiasi cha madini kilichomo. Kwa hiyo elfu sabini ya yule fundi haikuwa bei ya huruma. Ilikuwa ndogo kwa sababu malipo yake makubwa yalikuwa yamening'inia chini ya gari langu. Madini yalitoka katika ardhi ya Afrika, yakaenda Japani, yakarudi Dar es Salaam ndani ya gari la mtumba, na mwenye gari angeyatoa bure kwa mtu aliyemwambia ni takataka.

Basi swali la kwanza gerejini, kabla ya bei ya kazi, liwe hili: kipande cha zamani ni cha nani? Andikeni kabisa. Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa.

Swali la pili ndilo lenye fedha nyingi zaidi, na ndilo watu huliruka: ni nini kilichoyaua masega? Masega hayafi yenyewe. Yametengenezwa yaishi karibu na umri wa gari. Nchini Marekani sheria inamlazimu mtengenezaji wa gari kuyadhamini kwa miaka 8 au maili 80,000, yaani karibu kilomita 128,000. Yakiziba au kuyeyuka, kuna kitu mbele yake kimeyaua, na usipokiondoa kitu hicho kitaua na mapya.

Muuaji mkubwa ni silinda isiyochoma. Plagi ikichoka au koili ikifa, petroli mbichi inapita mpaka kwenye masega na kuungulia humo. Joto linapanda kupita nyuzi 1,000, kauri inalainika na vitundu vinafumbana. Wa pili ni injini inayokula oili: fosforasi iliyomo kwenye oili inafunika yale madini kidogo kidogo, kama masizi kwenye sufuria. Wa tatu wengi hawamdhanii: gundi ya silikoni inayopakwa hovyo kwenye gasketi. Silikoni isiyo ya aina inayofaa hutoa mvuke unaoharibu sensa ya oksijeni, na sensa iliyoharibika huipa kompyuta habari za uongo, injini ikamwagiwa petroli kupita kiasi. Nimeona magari yaliyopakwa gundi hiyo kama keki.

Pia si kila taa ya cheki injini ni masega. Mashine ikisoma msimbo P0420, maana yake kompyuta inaona masega hayasafishi inavyotakiwa. Lakini bomba lenye tundu karibu na sensa, au sensa yenyewe iliyozeeka, huweza kuleta msimbo huo huo. Kumkabidhi fundi laki tatu kwa sababu mashine imeandika P0420 ni sawa na kumeza dawa ya malaria kwa sababu kichwa kinauma.

Vipimo vya maana ni rahisi. Kama masega yameziba, fundi afungue ile sensa ya mbele, inayokaa kabla ya masega, na kwenye tundu lake afunge geji ya shinikizo. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, geji ikipita psi 3 hivi kuna kizuizi mbele. Asiye na geji anaweza kuiacha sensa wazi na kulizungusha gari kidogo: likirudisha nguvu papo hapo, mlango umeziba. Kelele itakuwa kubwa, lakini jibu linapatikana. Halafu gonga kopo taratibu kwa nyundo ya mpira. Likilia kama kokoto ndani ya debe, sega limevunjika.

Kwangu mimi kipimo kilionyesha mambo mawili. Masega yalikuwa yameziba kweli, fundi wa kwanza hakunidanganya hapo. Na koili ya silinda ya tatu ilikuwa inakufa na kufufuka. Ningekubali bomba tupu, koili ile ingeendelea kula petroli yangu, na mimi ningesema gari limeanza ulevi wa uzee.

Sasa tuje kwenye njia zilizopo. Bei nitakazotaja ni nilizoambiwa mimi kwa gari langu, katika wiki zile mbili. Kwa gari la injini kubwa zitapanda.

Dawa za kumimina kwenye tanki la petroli naziacha haraka. Zinaweza kusaidia kidogo pale penye masizi tu, na masizi hayo hata mwendo mrefu wa barabara kuu huyachoma. Kauri iliyoyeyuka hairudi kwa dawa.

Masega mapya ya orijino, ya kuagiza, yalikuwa zaidi ya shilingi milioni mbili, na kusubiri wiki tatu. Ni kitu bora, nasema bila kusita. Ila gari lenye umri wa gari langu halibebi gharama hiyo. Anayefaa kwa njia hii ni mwenye gari la miaka ya karibuni anayekusudia kukaa nalo muda mrefu, au gari ambalo kompyuta yake haivumilii kitu kingine.

Masega mapya yasiyo ya mtengenezaji wa gari, mengi yakitoka China, yalianzia shilingi 220,000. Hapa ndipo mnunuzi anapopigwa kirahisi, kwa sababu kopo jipya linang'aa hata kama ndani hamna kitu. Hebu tuangalie wenzetu waliokwisha kuliwekea sheria jambo hili. Marekani, tangu mwaka 1986, masega ya aina hii yanaruhusiwa kwa masharti, na aliyeyatengeneza lazima ayadhamini kwa angalau maili 25,000, kama kilomita 40,000. Jimbo la California liliona hiyo ni kidogo. Tangu mwaka 2009 linataka dhamana ya miaka 5 au maili 50,000, na kila aina lazima ipimwe na kupewa namba ya kibali inayogongwa kwenye kopo. Kopo lenye kibali cha California huuzwa mara mbili au tatu ya lile la majimbo mengine kwa gari lile lile. Chuma cha nje hakitofautiani sana. Kinachoongezeka ni madini yaliyopakwa ndani.

Hiyo ndiyo mizani ya kutumia hata sisi. Urefu wa dhamana ndio unaosema madini ni mengi kiasi gani. Muuzaji anayesema "ukishatoka nalo dukani, basi" amekwisha kukujibu. Tafuta pia herufi E ndani ya duara, na karibu yake namba 103 yenye herufi R: hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya masega ya kubadilishia, inayofuatwa Ulaya. Mulika tochi ncha zote mbili uone kama sega linajaza kopo lote. Kuna makopo yenye sega fupi kama kipande cha mkate. Na mwambie fundi alifunge pale pale palipokuwa la zamani. Likisogezwa nyuma kwa kutafuta urahisi wa kuchomelea, halitapata joto la kutosha, na utakuwa umelipia pambo.

Njia niliyoichagua ni masega ya mtumba yaliyotoka kwenye gari la Japani lililokatwa spea. Niliyapata kwa 310,000 pamoja na kufunga. Yamekwisha kutembea, kweli, lakini yalitengenezwa kwa kiwango cha kiwandani. Fungua boneti usome kibao cha gari lako: mfano wa gari ukianza na DBA, gari hilo lilithibitishwa Japani kutoa uchafu pungufu kwa asilimia 75 kuliko kiwango chao cha mwaka 2005. Likianza na CBA, pungufu kwa asilimia 50. Ndiyo maana ya vile vibandiko vya duara vyenye nyota kwenye kioo cha nyuma, ambavyo wengi tunaviacha kama urembo: nyota nne ni 75, tatu ni 50. Tafuta masega ya gari la herufi zile zile na injini ile ile. Chukua yenye flanji na mahali pa sensa, usichukue yaliyokatwa katikati kwa grainda. Yatikise, yasilie. Mulika tochi: vitundu viwe wazi, rangi ya kijivu au kahawia, bila utandu mweusi wa oili. Muuzaji wangu aliniandikia mwezi mmoja wa kurudisha. Ni mfupi, lakini uliniwezesha kwenda na kurudi Morogoro nikijaribu.

Yakidumu miaka mitatu, ni kama shilingi 8,600 kwa mwezi. Hizo zilikuwa karibu lita tatu za petroli kwa bei ya wakati ule.

Niseme sasa juu ya bomba tupu, maana ndilo linalopendwa. Sifa zake mbili ni nguvu na kubana mafuta. Ya kwanza ni kweli kwa gari ambalo masega yake yameziba, kama vile mtu aliyekuwa ameshikwa pua anavyopumua akiachiwa. Kwa gari ambalo masega yake ni mazima, nguvu inayoongezeka kwenye injini ndogo huwezi hata kuihisi. Ya pili ni maneno matupu: kiasi cha petroli kinaamuliwa zaidi na sensa ya mbele, na hiyo haijali kilichoko nyuma yake. Kwa haki ile ile, wanaosema kuyatoa kunafanya gari lile mafuta maradufu nao wanazidisha.

Hasara zake ni nyingine. Taa ya cheki injini itawaka daima, na siku koili itakapokufa hutajua, kwa sababu taa ya kukuambia ilishawaka zamani. Mafundi wengine hufunga kipande cha kuisogeza sensa ya nyuma nje ya moshi ili idanganyike na taa izime. Hapo umelipa ili gari lako likufiche habari. Na uungaji mbovu wa bomba tupu ni hatari ndani ya gari lenyewe, kwani kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kupata picha ya kiasi, angalia ukaguzi wa Uingereza: gari la miaka ya mwisho ya 1980, lisilo na masega, huruhusiwa kutoa kaboni monoksaidi hadi asilimia 3.5 ya moshi. Gari la kisasa lenye masega, injini ikizungushwa kasi, mwisho asilimia 0.2. Zaidi ya mara kumi na saba. Tofauti hiyo haipotei angani kwenye foleni ya Ubungo au ya Barabara ya Mombasa kule Nairobi. Inavutwa na dereva wa bodaboda aliyesimama nyuma ya bomba lako, na abiria wake, na mtoto aliye mgongoni mwa mama anayevuka barabara. Gari langu la kabla ya hili lilitembea bila masega kwa miaka minne, nami nilikuwa nikilala usingizi.

"Lakini mafuta yetu ni machafu, yanaua masega hata hivyo." Hoja hii ilikuwa na uzito zamani. Petroli yenye risasi, ambayo kweli huua masega, iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Na tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Petroli ya kuchakachua ya pembeni mwa barabara ni jambo jingine. Hiyo inaua injini nzima.

Sheria nazo zinasogea, japo kwa mwendo tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Uganda ilifunga mlango mwaka 2018 kwa magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania ina kanuni za viwango vya hewa za mwaka 2007, na Shirika la Viwango (TBS) hukagua magari ya mtumba yanayoingia. Rwanda imekwenda mbali zaidi: mwaka 2025 ilianza kupima moshi kwenye vituo vya ukaguzi kwa magari yaliyosajiliwa nchini humo. Kwetu askari bado hutazama tairi na taa zaidi kuliko bomba. Lakini anayenunua gari leo analinunua kwa miaka kumi, na sioni sababu ya kuamini kwamba mashine iliyofika Kigali haitavuka mpaka. Siku hiyo wenye bomba tupu watayatafuta masega wote kwa pamoja, na bei nadhani unaijua itakavyokuwa.

Nyuma ya masega, hadithi ni nyepesi. Sailensa na bomba la mkiani hazisafishi moshi. Zinapunguza kelele tu, kwa hiyo hapo unaweza kubana matumizi bila kumdhuru mtu mapafu. Adui wa sehemu hii ni kutu, na kutu inaanzia ndani: kila lita ya petroli inayoungua inatoa karibu lita nzima ya maji. Safari fupi fupi za mjini hazikaushi bomba, na kwa wa Tanga, Mombasa au Unguja chumvi ya bahari inamalizia kwa nje. Sailensa ya bati iliyochomelewa mtaani ni rahisi lakini huoza upesi. Ukiuziwa "stenlesi", weka sumaku. Isiponasa, huenda ni aina ya 304, iliyo bora. Ikinasa inaweza kuwa ya 409, ambayo nayo ni nzuri lakini hupata kutu ya juu juu, au inaweza kuwa chuma cha kawaida kilichong'arishwa. Bei isiwe moja. Na ukiona kitundu kidogo chini ya sailensa, usimruhusu mtu akizibe. Kimewekwa ili maji yatoke.

Zile za mlio mkubwa, zinazopendwa na vijana wa Subaru, sina ugomvi nazo kama masega yamebaki mahali pake na jirani mwenye mtoto mchanga hasikii. La pili ni gumu kuliko wanavyodhani.

Nirudi kwenye hesabu yangu. Koili na plagi nilizibadilisha kwanza, fedha ambayo ningeitoa kwa vyovyote. Masega ya mtumba, 310,000. Lile kopo la zamani nililifunga kwenye gunia, nikalipeleka mwenyewe kwa mnunuzi. Alifuta matope kwa kidole, akasoma namba, akapiga simu, akanihesabia shilingi 180,000. Zikabaki 130,000. Bomba tupu la yule fundi, na kopo langu juu yake, lilikuwa 70,000. Tofauti yote ilikuwa elfu sitini.